Piano Iliyofundishwa Kulia

(Maneno haya niliyasema jioni moja Dar es Salaam, kabla ya onyesho la piano. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, kwa ajili ya waliokosa kuja.)

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, wazazi, na ninyi wanafunzi mlioketi chini hapa mbele, habari za jioni.

Kabla ya muziki naomba muitazame piano hii, maana leo haikukaa kama mlivyozoea kuiona. Kifuniko tumekitoa chote, kimeegemezwa ukutani kule. Kibao cha kuwekea karatasi za noti nacho tumekiondoa. Kwenye kiti cha mpigaji atakaa binti wa kidato cha nne ambaye wengi wenu mnamfahamu, na kwa muda wa kama dakika mbili na nusu hatagusa kitufe hata kimoja, cheupe wala cheusi. Mimi sitaketi. Nitasimama huku ubavuni, hapa piano inapokunjika kama kiuno, niinamie ndani yake kama mtu anayechungulia kisima, na mikono yangu itakuwa juu ya nyuzi zenyewe.

Kazi tutakayoipiga inaitwa The Banshee. Aliitunga Mmarekani, Henry Cowell, mwaka 1925. Jana, tukiwa kwenye mazoezi, mzazi mmoja alipita mlangoni, akasimama, akasikiliza kidogo, kisha akaniuliza kwa upole kama piano imeharibika. Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Nililala nalo usiku kucha, na ndilo lililonifanya niombe nafasi hii ya kusema nanyi, maana sitaki mtu atoke humu akidhani alichekwa au alichezewa.

Tuanze na chombo. Ndani ya piano kubwa kama hii mna nyuzi zinazokaribia 230, za chuma kigumu, zilizovutwa kwa nguvu inayofikia jumla ya kama tani 20. Ndiyo maana fremu yake ni ya chuma cha kusubu. Mbao peke yake zingevunjika. Wapenzi wa taarabu mnaijua kanuni. Mpigaji ameipakata, nyuzi zote ziko wazi, na vidole vyake vinazigusa moja kwa moja akiwa amevaa ncha za kudonolea. Piano ni jamaa wa kanuni. Tofauti ni kwamba nyuzi zake zimefungiwa ndani ya sanduku, na katikati ya kidole na uzi kukawekwa mtambo. Bartolomeo Cristofori wa Florence, huko Italia, ndiye aliyeubuni mtambo huo kama mwaka 1700. Ukibonyeza kitufe, kinyundo kinaruka, kinagonga uzi, na papo hapo kinarudi chini. Ukiachia kitufe, kipande cha mbao kilichovikwa felti, yaani kitambaa kizito cha sufu, kinaulalia uzi na kuunyamazisha.

Hebu litafakarini jambo hilo. Mpiga fidla anaushika uzi wake. Mpiga gitaa anaushika. Mpiga udi anaushika. Mpiga piano, tangu anaanza kujifunza akiwa mtoto mpaka anazeeka na mvi kichwani, hagusi kabisa kile kitu kinachotoa sauti. Anatuma nyundo. Nyundo ikishagonga, sauti imeshamtoka mikononi. Hawezi kuipandisha, hawezi kuishusha, hawezi kuitikisa. Anaweza tu kuikata au kuiacha ife yenyewe.

Na kuna jambo la pili, zito zaidi kwangu. Vitufe 88 ni ngazi 88. Kati ya ngazi moja na ya pili hakuna pa kukanyaga. Sauti ya binadamu haiendi kwa ngazi. Sauti ya binadamu huteleza, na hasa inapokuwa na uchungu huteleza zaidi kuliko wakati wowote. Kwa hiyo piano, pamoja na ukubwa wake wote na heshima yake yote, ni chombo kisichoweza kulia. Inaweza kuimba kwa huzuni, hilo sibishi. Lakini kulia, kule kulia kwa mtu aliyeambiwa habari mbaya mlangoni, vitufe haviwezi.

Cowell alitaka piano ilie. Kwa hiyo akavipita vitufe akaingia ndani.

Sasa banshee ni nani? Neno limetoka katika Kiairishi, bean sí, yaani mwanamke wa kilimani, wa vile vilima ambavyo Waairishi wa kale waliamini ndimo makazi ya viumbe wasioonekana. Kila ukoo wa asili ulikuwa na banshee wake. Mtu wa ukoo akikaribia kufa, mwanamke huyo alisikika usiku akilia nje ya nyumba. Hakuwa muuaji, wala hakuleta mauti; alikuwa akitangaza tu, akiomboleza mapema. Cowell alilisimulia jambo hili kwa namna yake. Alisema banshee huja wakati wa kifo kuichukua roho airudishe katika ulimwengu wa ndani, naye hulia kwa sababu hana raha katika ulimwengu huu wetu, akaendelea kulia mpaka atakapotoka salama. Na ukoo ukiwa mkongwe, alisema, banshee wake hulia kwa nguvu zaidi, kwa kuwa amekwisha kuzoea kazi.

Waswahili tunasema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Kwa Waairishi wa zamani kilio kilianza hata kabla mfiwa hajajua kuwa amefiwa. Kiliingia kutoka nje, gizani, kwa sauti ya mwanamke ambaye hakuna aliyemwona. Fikirini mko ndani, mgonjwa amelala, taa inafifia, na sauti hiyo inaanza. Bado hamna habari mkononi, lakini moyo umeshajua.

Waairishi walikuwa pia na waombolezaji wa kweli, wa nyama na damu, wanawake walioitwa kuja kuuimbia mwili wa marehemu. Kuomboleza huko walikuita caoineadh. Viongozi wa kanisa walikupiga vita kwa muda mrefu, na kufikia mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa kumekwisha kufifia karibu kabisa. Neno letu la mbolezi linatosha pale bila kulazimishwa. Nilikuwa na umri wa miaka tisa kijijini kwetu Karagwe babu alipofariki, na shangazi yangu mkubwa alifika jioni kwa miguu. Tulimsikia kabla ya kumwona. Sauti ilianzia juu sana, ikateleza chini taratibu, ikakatika, ikaanza tena juu. Hakuna mahali iliposimama hata nikaweza kusema hii ni noti fulani. Nimesoma muziki miaka mingi baada ya siku ile, nimeandika imla za noti zisizo na hesabu, na sauti ile sijaweza kuiandika kwenye mistari mitano mpaka leo.

Kwa hiyo mtanielewa nikisema kwamba siku ya kwanza nilipoisikia The Banshee, kwenye kaseti ya mwalimu wangu, sikushangazwa na ugeni wake. Nilishtuka kwa sababu niliitambua.

Tuitazame karatasi yenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapomkosea Cowell. Wanadhani aliinamia piano akakwaruza ovyo, akaita muziki. Karatasi hii ninayoinyoosha juu ina mistari mitano ya kawaida, ina noti za kawaida, ina alama za kuongeza na kupunguza sauti kama karatasi ya mtunzi mwingine yeyote. Noti zote ziko kwenye ufunguo wa besi, yaani alama ya sauti za chini, na maelezo yanasema zisikike oktavu moja chini ya zilipoandikwa, yaani noti zilezile kwa sauti nzito zaidi. Halafu juu ya noti kuna herufi, kuanzia A hadi L. Herufi kumi na mbili, na kila herufi ni namna moja ya kuugusa uzi, iliyoelezwa mwanzoni kwa maneno.

Herufi A ni kufagia nyuzi kwa nyama ya kidole, kukatisha kutoka ule wa chini kabisa hadi noti iliyoandikwa. Herufi B ni kuusugua uzi mmoja kwa urefu wake, kama mtu anayepitisha kidole juu ya kamba ya kuanikia nguo. Ipo herufi ya kudonoa uzi. Ipo ya kusugua nyuzi tatu kwa pamoja, na ipo ya nyuzi tano. Ipo ya kutumia mgongo wa ukucha badala ya nyama ya kidole, na tofauti yake mtaisikia hata mkiwa nyuma kabisa, kwa sababu nyama huguna na ukucha hupiga ukelele. Ya mwisho, L, ni kufagia kwa kiganja kizima.

Mtu anayeandika namna hiyo anajua anachokitaka. Nilipokuwa naijifunza nilidhani kwamba noti hazina umuhimu mkubwa, nikawa nasugua uzi wowote wa karibu. Mwalimu wangu alinisimamisha. Aliniambia nirudi nihesabu nyuzi. Alikuwa sahihi, kwani ukikosea uzi mmoja kilio kinapoteza sura yake. Kinakuwa kelele tu. Ndiyo maana mkisogea karibu baadaye mtaona vipande vidogo vya karatasi nilivyovibandika kando ya nyuzi. Kutoka juu, nyuzi za besi zinafanana zote, na wakati wa kuinama hakuna vitufe vya kukuonyesha uko wapi.

Sauti yenyewe inatoka wapi? Nyuzi za besi si waya mtupu. Uzi wa chuma umezungushiwa waya wa shaba, mzingo kwa mzingo, ili uwe mzito na utetemeke polepole bila kuhitaji kuwa mrefu kama ukumbi huu. Mizingo hiyo ni matuta madogo madogo. Kidole kikipita juu yake kwa urefu, kinaruka tuta baada ya tuta, na uzi unatikisika kwa urefu wake, kwenda na kurudi, badala ya kuyumba pembeni kama unapogongwa na nyundo. Mtikisiko wa namna hiyo hutoa sauti ya juu sana, juu mno kuliko noti ya uzi wenyewe. Basi unagusa uzi mnene kuliko karibu zote, wa chini kabisa, na kinachotoka ni ukelele mwembamba. Ukiongeza mwendo wa kidole sauti inabadilika. Ukipunguza inabadilika tena. Zile ngazi 88 zimetoweka. Sasa kuna mteremko.

Na hapo ndipo kazi ya binti wetu inapoonekana. Atakanyaga pedali ya kulia tangu mwanzo, asiiachie. Pedali hiyo inainua vile vipande vyote vya felti kwa pamoja, ili kila uzi ndani ya piano uwe huru. Ninaposugua uzi mmoja, mingine mingi inaitikia yenyewe bila kuguswa, mmoja kwa nguvu, mwingine kwa mnong'ono. Ukumbi unajaa. Wapo wapigaji wanaoshindilia kigingi cha mbao kwenye pedali na kupiga kazi hii peke yao. Sauti ni ileile, na siwalaumu. Lakini Cowell aliandika kwamba mtu mmoja aketi kwenye vitufe na mwingine asimame kwenye mkunjo wa piano, na mimi naona ni vema hivyo. Mbele ya kilio chochote huwa kuna mtu aliyekaa kimya tu, akishikilia mahali.

Henry Cowell alizaliwa tarehe 11 Machi 1897 huko Menlo Park, California. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Ireland, mama yake mwandishi. Wazazi waliachana angali mdogo, akalelewa na mama katika umaskini wa kweli. Shuleni alikaa muda mfupi sana. Alianza na fidla utotoni, akaiacha kwa sababu ya afya, na kwa miaka kadhaa hakuwa na chombo chochote nyumbani. Alichofanya ni kujizoeza kusikia muziki kichwani, akikaa kimya kwa makusudi kila siku na kuziita sauti moja moja. Alifagia shule, alikusanya mimea ya porini akaiuza, na kwa fedha hizo akanunua piano iliyokwisha kutumika. Naomba mlishike jambo hilo. Mtoto aliyeingia kwenye piano kupitia masikio yake mwenyewe hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba mikono hukaa juu ya vitufe tu, na vidole kumi ndivyo vinavyoruhusiwa.

Akaanza kutumia ngumi, kiganja na mkono mzima hadi kiwiko. Noti nyingi zilizokaribiana zikalia kwa pamoja, na mimi nimezoea kuziita vishada, kwa kuwa zinaning'inia pamoja kama zabibu. Kazi yake mashuhuri ya vishada, The Tides of Manaunaun, ilitungwa kwa ajili ya igizo la visa vya kale vya Ireland, lililoandikwa na mshairi John Varian katika makazi ya Halcyon, pwani ya California. Manaunaun katika visa hivyo ni mungu wa mwendo, aliyetikisa mawimbi makuu ulimwenguni kabla ya kuumbwa vitu. Mkono wa kushoto unalala wote juu ya besi na mawimbi yanakuja. Mkono wa kulia unaimba wimbo mtulivu. Cowell alipenda kusema aliitunga mwaka 1912, alipokuwa kijana mdogo; watafiti wa baadaye wameonyesha kwamba ni ya mwaka 1917. Kwangu ni nzuri kwa tarehe zote mbili.

Jambo lililomwokoa Cowell asibaki kijana wa vituko ni kwamba mwaka 1914 alipelekwa kwa Charles Seeger, aliyekuwa akifundisha muziki katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Seeger hakumkataza. Alimwambia kwamba kama anataka kutumia sauti mpya, basi azitafutie kanuni na aziandike. Kutokana na shauri hilo kilitoka kitabu chake New Musical Resources, alichoanza kukiandika akiwa kijana na kikachapishwa mwaka 1930. Herufi zile kumi na mbili nilizowaonyesha zina mkono wa Seeger ndani yake. Nawaambia walimu wenzangu hasa, kwa sababu sisi huwa wepesi wa kusema usiguse.

Kabla ya The Banshee alijaribu njia ya ndani kwa upole zaidi, mwaka 1923, katika kazi iitwayo Aeolian Harp, kinubi cha upepo. Pale mkono mmoja unabonyeza vitufe taratibu kiasi kwamba nyundo hazigongi. Nyuzi za noti hizo tu ndizo zinazofunguliwa. Mkono wa pili unafagia nyuzi zote ndani, na zilizofunguliwa pekee ndizo zinazoendelea kulia. Ni kazi tamu, mtu yeyote ataipenda mara ya kwanza. Wanafunzi, tutaipiga baada ya mapumziko. Katika Aeolian Harp bado vitufe vina kauli. Miaka miwili baadaye havikuwa na kauli tena. Cowell aliipa namna hii ya kupiga jina lake, piano ya nyuzi, kana kwamba ni chombo kingine kilichokuwa kimejificha ndani ya kile tunachokijua.

Watu walimpokea vipi? Mwaka huo huo wa 1923 alizunguka Ulaya na vishada vyake, na Leipzig, Ujerumani, wasikilizaji waligawanyika hata wakarushiana ngumi ukumbini huku yeye akiendelea kupiga. Februari 1924 alipiga Carnegie Hall, New York. Magazeti mengi yalimtania. Wakati huo huo Béla Bartók, mtunzi mkubwa wa Hungaria, ambaye walikutana London, alimwandikia kumwomba ruhusa ya kutumia vishada katika kazi zake. Mara nyingi huwasimulia wanafunzi wangu habari hii, kwa sababu ya adabu iliyomo. Bartók alikuwa na umri wa miaka 42 na jina kubwa. Cowell alikuwa kijana wa miaka 26. Na mkubwa akabisha hodi.

Njia aliyoifungua ilipitiwa na wengi. Mtunzi John Cage alikuwa mwanafunzi wake, na mwaka 1940, huko Seattle, alipotakiwa kutunga muziki wa dansi kwenye jukwaa dogo lisilo na nafasi ya ngoma nyingi, alikumbuka aliyoyaona Cowell akiyafanya ndani ya piano. Akaanza kupachika skrubu na vipande vya vitu kati ya nyuzi, piano moja ikawa kundi zima la wapiga ngoma. Cage alisema baadaye kwamba kwa muziki mpya wa Marekani Cowell alikuwa kama lile neno la kufungulia pango katika kisa cha Ali Baba.

Lipo pia jambo linalotugusa sisi huku. Mwaka 1931 Cowell alikwenda Berlin kwa ufadhili, akajifunza kwa Erich von Hornbostel, msimamizi wa hazina ya sauti zilizorekodiwa kwenye silinda za nta kutoka pande nyingi za dunia. Hornbostel ndiye yule aliyechapisha mwaka 1909 uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi, zilizorekodiwa wakati nchi hii ilipokuwa chini ya Wajerumani. Nasema kwa uchungu kidogo, kwa sababu sauti za mababu zetu zilisafiri namna ile bila wao kuulizwa, zikakaa kwenye rafu za mbali. Lakini ni kweli vilevile kwamba kutoka chumba kile Cowell aliondoka na imani iliyomkaa maisha yake yote, kwamba mtunzi wa karne yake hana haki ya kuuita muziki wa sehemu moja ya dunia kuwa ndio muziki. Alifundisha somo la muziki wa watu wa dunia huko New York kwa miaka mingi, na akakusanya santuri za muziki huo zilizosambazwa na kampuni ya santuri ya Folkways. Alifariki tarehe 10 Desemba 1965.

Nirudi kwa mzazi wa jana mlangoni. Nadhani alichokisikia kilimtisha, na akatafuta maelezo yaliyo karibu, kwamba kuna kitu kimevunjika. Sisi sote hufanya hivyo. Tumefundishwa kwamba muziki ni mahali pa raha, na wakati wa huzuni ni mahali pa kuliwazwa. Kazi hii hailiwazi. Haina wimbo utakaoondoka nao ukiuimba kwenye daladala. Inaanza kwa mguno wa chini, sauti zinaanza kuteleza moja baada ya nyingine, zinazidi, kucha zinaingia, kuna mahali ambapo ukumbi mzima utapiga kelele, kisha inashuka na kufifia. Ni hivyo tu. Mimi naamini kwamba ukweli wa namna hiyo unahitaji kuwa na chumba chake katika muziki, na nashukuru kwamba mtu mmoja alikwenda kuutafuta mahali ambapo hakuna aliyekuwa akitazama, ndani kabisa ya chombo kilichokuwa sebuleni mwa kila tajiri wa zama zake.

Kwenu wanafunzi, nina neno la kazi. Najua mkirudi darasani mtataka kufungua piano na kujaribu. Mjaribu, nikiwapo. Na mikono iwe safi na mikavu, kwa sababu jasho huibadilisha shaba rangi na hula chuma, na hapa kwetu hewa ya bahari peke yake imeshatushinda. Mmeona wenyewe kutu iliyoko kwenye nyuzi za piano ya darasani. Pete zote zivuliwe. Msiguse felti. Na anayetaka kusugua, kwanza akae kwenye kiti hiki ashike pedali kwa mwenzake, mara kumi, ili ajue kusikiliza kabla ya kutoa sauti.

Naona wadogo wawili pale wamekaa karibu sana na piano. Msiogope. Mkiogopa, shikaneni mikono.

Nitaomba mafeni yazimwe kwa muda huu. Asanteni. Madirisha ya upande wa barabara pia, kama yupo wa kutusaidia. Sasa nitageuka niwape mgongo, mnisamehe. Binti yangu, weka mguu. Polepole. Ninyi wengine sikilizeni hapa hapa, kwa maana felti zikiinuka zote pamoja piano hutoa pumzi, kabla ya mkono wangu kugusa chochote.